Modemu Haishiki? Sikiliza Laini Kwanza

Mtu akiniambia modemu yake, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na kompyuta nyingine kwa laini ya simu, haishiki, humuuliza kwanza kama amenyanyua mkono wa simu akasikiliza laini. Wengi hawajafanya hivyo. Wameshabadilisha mipangilio ya programu, wameshazima na kuwasha kompyuta, wengine wameshanunua modemu nyingine, na laini yenyewe haijasikilizwa hata mara moja.

Huku visiwani Zanzibar laini ndiyo mshukiwa wangu wa mwanzo. Waya wa shaba unaoteremka ukutani Mji Mkongwe, au unaotoka nguzoni kule Wete, hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, na masika maji huingia kwenye viungio. Fungua soketi ya simu ya ndani utazame ncha za waya. Zikiwa na ukoga wa kijani, kata kipande kilicholiwa, menya waya mpaka uone shaba inayong'aa, kisha kaza skrubu upya. Kisanduku cha nje mwachie fundi wa kampuni ya simu. Halafu nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini ukatike, na usikilize ule ukimya. Mkwaruzo mdogo usiomsumbua mtu anayezungumza unatosha kuiangusha modemu.

Laini ikiwa safi, isikilize modemu yenyewe. Kwenye programu ya modemu andika amri ya ATM1L3 ili spika ibaki wazi mpaka mawasiliano yashike, kisha piga. Pale unapokwama ndipo penye jibu. Ukipata ujumbe wa NO DIALTONE, yaani modemu haikusikia mlio wa laini, katika ofisi yenye swichibodi, mara nyingi mlio wa ndani wa swichibodi si ule modemu inaoungojea. Amri ya ATX3 huiambia isingojee mlio, na alama ya mkato baada ya 9 (andika "ATDT9," pamoja na mkato wake, kisha namba) huipa nafasi ya kama sekunde 2 ili laini ya nje ipatikane.

Simu ya kule ikiita tu bila kupokewa, tatizo liko kwa wenyeji wa mtambo, yaani kompyuta unayoipigia: modemu yao imezimwa, au mpangilio wake uitwao S0 uko 0, maana yake haipokei yenyewe. Ikipokea, utasikia mlio mwembamba wa hezi 2,100, ambao kazi yake mojawapo ni kuzima vizuia mwangwi vya njiani. Zinafuata kelele za kupatana. Zikirefuka kisha ukaja ujumbe wa NO CARRIER, modemu mbili hizo zimeshindwa kukubaliana.

Hapo mimi hupunguza kasi bila kusita. Kwa mtambo unaosomwa kwa maandishi, kasi ya biti 9,600 kwa sekunde isiyokatika ni bora mno kuliko 33,600 inayoanguka kila baada ya muda mfupi. Wala usiisake 56,000 iliyoandikwa kwenye boksi: kiwango cha V.90, chenye kasi hiyo, kinahitaji upande wa pili uwe umeungwa kidijitali na mtandao wa simu. Modemu mbili za kawaida zikipigiana, mwisho wake ni 33,600. Angalia pia kama simu yako ya mezani inapita kwenye mnara wa simu za mkononi au kwenye intaneti. Njia hizo mara nyingi huibana sauti kwa ajili ya maneno ya watu, na milio ya modemu haisalimiki. Usihangaike na mipangilio. Tafuta laini ya shaba.

Sasa tuseme imeshika, lakini kiwambo kimejaa takataka. Zikija na kupotea ovyo, hiyo ni kelele ya laini. Washa usahihishaji wa makosa wa V.42 pande zote mbili. Lakini zikiwa herufi zilezile zinazoharibika kila mara, laini haina kosa. Mtambo unatuma kila herufi kwa biti 7 na pariti shufwa (biti ya ziada ya ukaguzi inayofanya idadi ya biti za 1 iwe shufwa), nawe unapokea biti 8 bila pariti. Herufi ambayo idadi ya biti zake za 1 ni shufwa hufika salama, yenye witiri hugeuka. Katika ZANZIBAR, herufi Z, A, N na B zitatoka sawasawa, ila I na R zitakuwa alama ngeni. Katika PEMBA itaharibika E peke yake. Badilisha mpangilio huo kwenye programu, na kiwambo kitasomeka papo hapo.

Kuna na ule ugonjwa wa maandishi kusomeka vizuri lakini vipande vinarukwa katikati ya faili refu. Kompyuta inachelewa kupokea. Washa udhibiti wa RTS/CTS, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta na modemu huambiana kwazo tuma au ngoja, kwenye modemu na kwenye programu pia, maana upande mmoja hautoshi, na hakikisha kebo ina nyaya hizo mbili. Za bei rahisi nyingine hazina. Kwenye kompyuta kongwe tazama chipu ya poti ya seriali, yaani tundu inapochomekwa kebo ya modemu. Chipu ya 16450 hushika baiti moja tu kabla ya nyingine kuifuta, na kwa kasi ya 57,600 kila baiti hufika ndani ya mikrosekunde 174 hivi. 16550A ina nafasi ya baiti 16, na hiyo ndiyo ninayoweka.