Usimuulize siku ya kukabidhiwa funguo

Mimi ni msimamizi wa majengo ya makazi hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama watu wameridhika na nyumba za gharama nafuu za serikali. Jibu linategemea wameulizwa lini. Aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, siku anapopewa funguo atakwambia ameridhika, na anasema kweli.

Mahali penyewe pana uzito kuliko vigae. Magomeni Kota, zilikozinduliwa nyumba za familia 644 Machi 2022, wakazi wa zamani walirudi palepale walipopazoea, Kariakoo pua na mdomo, mabasi ya Mwendokasi jirani. Mradi ukipelekwa pembezoni kwa sababu ardhi ni rahisi, unafuu wa bei unaishia kwenye nauli.

Lakini malalamiko mengi ninayopokea ni ya vitu vya pamoja. Katika nyumba zetu za Uswahilini, uani ni wa wote na zamu ya kufagia inajulikana. Ghorofa lina pampu, lifti, taa za ngazi na shimo la maji taka, na vyote vinataka hela kila mwezi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka wamiliki wawe na chama chao cha kusimamia hayo. Wengi hukisikia pampu ikishaungua.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja ambalo lifti ilikuwa imekufa na maji hayapandi. Kwenye ngazi nilimkuta mama mmoja wa ghorofa ya sita na ndoo mbili. Moja anaiacha kwenye kona, anapandisha nyingine, kisha anashuka kuifuata ile ya kwanza.

“Nyumba naipenda, mwanangu,” aliniambia. “Ngazi ndizo zinanimaliza.”

Daftari la michango lilikuwa na majina ya kila mlango, safu ya malipo nyeupe. Si kwamba watu hawana kitu. Niliwauliza, wakasema hawajui hela inakwenda wapi. Tukabandika mapato na matumizi ukutani, pale chini penye mita za umeme, hadi bei ya bomba la inchi moja. Michango ikaanza kuingia. Pampu ilitengenezwa kwanza. Lifti ilichelewa sana.