Gunia 100, wilaya nne

Juzi mwanafunzi wangu alinijia na kompyuta mkononi, uso umemkunjamana. "Mwalimu, hili gunia moja limetoka wapi?" Niliwapa zoezi la kuzalisha data ya kubuni: gunia 100 za karafuu zigawike kwa nasibu baina ya wilaya nne za Pemba: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Yeye kapata 101.

Gunia lenyewe lilitokana na desimali. Alizalisha namba nne kwa `runif(4)`, amri ya lugha ya R inayotoa namba za nasibu baina ya 0 na 1, akazigawa kwa jumla yake, akazidisha kwa 100, akakadiria kila moja hadi namba nzima. Hilo dogo. Kilichonikera mie ni kule kugawa kwa jumla, maana karibu kila mtu hufanya hivyo, na kwa kuwa hesabu hutimia, hakuna anayeshtuka.

Chukua ukili mrefu, utie alama tatu popote mkono unapoangukia, ukate. Hapo kila mgawanyo una nafasi sawa na mwengine, na uwezekano wa kipande kimoja kuzidi nusu ya ukili ni 1/2. Kwa njia ya mwanafunzi wangu ni 1/6 tu! Namba zake zinakimbilia robo robo, na ile wilaya inayozoa zaidi ya nusu inakuwa adimu. Dawa yake ni neno moja: andika `rexp(4)` (namba za nasibu za mgawanyo wa "exponential") badala ya `runif(4)`, kisha gawa kwa jumla kama kawaida.

Kwa gunia nzima nzima, panga nafasi 103 kwenye mstari, chagua tatu usimamishe vijiti. Zilizobaki ni gunia 100, na vijiti ndio mipaka ya wilaya:

`k <- sort(sample(103, 3))`
`diff(c(0, k, 104)) - 1`

Migawanyo yote ni 176,851, na kila mmoja una haki sawa. (`rmultinom` ni jambo jengine: kila gunia hujichagulia wilaya, na wilaya nyingi huishia baina ya 17 na 33.)

"Na kama kila wilaya lazima ipate angalau 10?" akaniuliza. Weka 40 pembeni, gawa 60 kwa `sample(63, 3)` na mwisho wa 64, kisha irudishie kila wilaya 10 zake. Yeye alikuwa akizalisha na kutupa mpaka sharti litimie. Si kosa, hubaki migawanyo kama 22 katika kila 100 anayozalisha. Lakini sharti likipanda hadi 20, hubaki 1 tu.