Kliniki ya akili yenye utu utaijuaje, hasa kwa sisi wa Dodoma

Watu wakinitafuta kwenye simu kuuliza habari za tiba ya akili, wengi hawaulizi dawa gani nzuri, wanauliza "daktari naomba unielekeze kwa mtu ambaye hatanifokea". Yaani ugonjwa wenyewe ameshauzoea, anayemtisha ni sisi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, siku zangu nyingi ziko kliniki ya nje hapa Dodoma, kwa hiyo ngoja niseme navyoona mimi nikiwa upande huu wa meza, kwa sababu watu wanaitafuta huruma sehemu ambayo haipo. Wanaangalia daktari anatabasamu au hatabasamu, chumba kina feni, nesi ana sauti laini. Sio mbaya, ila nimeshaona daktari mpole kabisa anaandika dawa bila kumtazama mgonjwa usoni, na namjua nesi mmoja ana mdomo huyo, dah, lakini wagonjwa wanapishana kwenye benchi ili wahudumiwe na yeye. Mimi huwa naangalia anaulizwa nani, na anaulizwa nini. Basi.

Ila kwanza tulimalize hili la Mirembe. Ipo hapa tangu miaka ya 1920, sa hivi ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na nchi nzima jina lake watu wamelifanya tusi, mtu akikuudhi huko Mwanza unamwambia nenda Mirembe. Matokeo yake sisi tunaokaa nayo jirani ndo tunaiogopa kuliko wa mbali, mtu wa Nkuhungu hapa hapa mjini ana sonona, huzuni ile isiyokwisha, yuko radhi apande basi akatibiwe mkoa mwingine ilimradi jirani asimwone getini. Halafu kuna Isanga, kule ni habari za wanaoletwa na mahakama, usichanganye na kliniki ya nje. Kliniki ya nje unakuja asubuhi, unapimwa presha na uzito, unasubiri (sana, sitakudanganya), unaonwa, unapita dirisha la dawa, mchana unakula kwako. Wengi wao hawalazwi. Na hata hao wanaolazwa, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inamtambua mtu anayejileta mwenyewe kwa hiari, sio kila anayeingia kashikwa mikono. Wala si lazima uanzie huko, ulizia hospitali yako ya wilaya au ya mkoa, kama yupo nesi au tabibu aliyesomea akili anzia kwake, nauli itapungua.

Sasa, anaulizwa nani. Kuna mama aliingia na kijana wake, wametoka upande wa Kongwa, wameamka usiku kuwahi basi. Kijana kichwa kimepinda upande, macho yanapanda juu, mate yanamtoka, mikononi alama za kamba mbichi kabisa. Nikamwamkia mama kwa Kigogo, mbukwenyi, akaitika huku anacheka kidogo matamshi yangu. Akaanza, "Daktari, mwanangu jini lilikuwa limeshatulia, wakamchoma sindano, juzi usiku likarudi kwa nguvu limemkaba shingo, tukamfunga." Hapo daktari akibaki na mama tu, akasikiliza, akaandika, amepotea, maana kwa maelezo hayo utaongeza dozi ya dawa ile ile. Nikamgeukia kijana, nikamwuliza shingo inauma? Akajibu kwa tabu, ulimi mzito, "inauma, tangu sindano."

Ile ilikuwa haloperidoli. Ni dawa nzuri tu, ya zamani, inamtuliza mtu aliyechafukwa, ila kwa baadhi ya watu, vijana wa kiume hasa, inakaza misuli ya shingo, macho, taya, ulimi, ndani ya masaa au siku chache za mwanzo. Inatisha kuiangalia na inatibika haraka. Tulimpa sindano ya kulegeza na vidonge vya Artane, navyo vya kuzuia misuli isikaze tena, vya kwenda navyo nyumbani, kabla mama hajamaliza chai yake kichwa kilikuwa kimenyooka na kijana anaulizia vitumbua. Huyo aliyechoma sindano ya kwanza, sijui alikuwa na foleni kiasi gani siku hiyo, angesema tu "shingo ikikaza mrudisheni, ni dawa", kamba isingefungwa. Ndo maana huwa nasema kueleza maudhi ya dawa sio hisani ya daktari mwenye muda, ni sehemu ya tiba, na kama umepewa dawa ya akili bila kuambiwa itakufanyaje wiki ya kwanza una haki ya kurudi mlangoni kuuliza, hata kama nesi ameshaita jina la mwingine.

Na mama sikumfokea kwa habari ya jini wala kamba. Watu wengi wanapita kwa mganga au kwenye maombi kabla ya kufika kwetu, hilo kila anayefanya kazi hii analijua, ukimtukana mtu kwa hilo ujue ataendelea kwenda, tofauti ni kwamba hatakwambia tena, na wewe unahitaji kujua kanywa mizizi gani, kafunga siku ngapi bila kula. Kamba nilizungumza naye, kwamba wakati mwingine wamlete mapema au wapige simu, na kwamba zile alama zingeweza kuoza. Alielewa vizuri tu. Mtu anayemfunga mwanae usiku mara nyingi ameshamaliza majirani wa kumsaidia.

Tuje kwenye anaulizwa nini, na hapa kuna swali moja la kwetu huku ambalo nalipenda kuliko yote: nyumbani mnakula mara ngapi?

Iko hivi. Dawa nyingi za skizofrenia (mtu anasikia sauti au kuamini yasiyokuwepo) na bipola (mara yuko juu mno, mara chini mno) zinaongeza njaa, olanzapini ndo usiseme. Tulivyofundishwa tunapima uzito, tunapima sukari, tunamwambia mtu apunguze wanga. Sawa. Ila Dodoma mvua ni msimu mmoja, zinaanza kama Desemba zinakata Aprili, kuvuna ni Mei na Juni, kwa hiyo mwezi wa pili ghala la uwele na mtama linakaribia kuisha na nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku. Mgonjwa wa Bahi anameza kidonge usiku, anaamka na njaa ya watu watatu, watoto wanamwangalia. Anafanyaje? Anaacha dawa. Mwezi wa tatu analetwa amechafukwa, na kwenye faili mtu anaandika hafuati masharti. Jamani huyo amepiga hesabu tu! Daktari aliyemuuliza habari ya chakula angempa dawa nyingine isiyoamsha njaa hivyo, au angempunguzia dozi kipindi hicho akiwa chini ya uangalizi, au angemwita ofisa ustawi wa jamii waone kinachowezekana. Ni hivyo hivyo na usingizi, msimu wa kulima ukimpa mtu dawa ya asubuhi inayomlaza umemtoa shambani, mhamishie usiku, ni kalamu tu hiyo haina gharama.

Kwa wanawake kuna jingine. Valproeti inatumika kwa bipola na kwa kifafa (huku wenye kifafa wengi tunawaona sisi, foleni moja), na ni dawa yenye hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, mgongo na akili. Binti akipewa hiyo bila kuulizwa habari za ujauzito na uzazi wa mpango, huyo daktari ameona ugonjwa, binti mwenyewe hakumwona. Na naposema aulizwe simaanishi mbele ya baba yake mkubwa aliyemleta.

Halafu tuna kundi jipya, watumishi. Tangu serikali ianze kuhamia huku, 2016 na kuendelea, napata watu wazima wenye vyeo vyao, familia iko Dar, Ijumaa anapanda treni ya SGR Jumapili anarudi, halali, moyo unadunda, bia zimeongezeka, anakuja amevaa kofia na kuomba jina lisiitwe kwa sauti. Hao huwa wanataka dawa ya usingizi tu. Nikimpa fluoksetini au amitriptilini, hizo ni dawa za sonona, namwambia kabisa, utaanza na kichefuchefu au mdomo kukauka, nafuu inakuja wiki ya pili mpaka ya nne, usinitupie vidonge chooni siku ya tano. Na ile ya jina wala sio kujishaua, ni haki yake, na ni haki ya yule wa Bahi pia. Mlango wa chumba ufungwe. Wanafunzi wa udaktari wakiwepo uombwe ruhusa, na ukisema hapana watoke, bila kununa. Sindano ya mwezi, ile dawa ya akili inayochomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku, uambiwe ni hiari yako kama ungependa vidonge, wapo wanaoipenda sana kwa sababu nyumbani hakuna wa kuhesabu vidonge na wewe.

Kuna swali ambalo watu wanaliogopa pande zote mbili, la kujiua. Daktari mzuri anakuuliza waziwazi kama umefikiria kufa, na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kwa wengi ni kama kuwatua mzigo. Tatizo la kwetu, kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo mtu anasema ilikuwa bahati mbaya, ndugu nao wanaitikia, na sisi tunatibu tumbo tunaacha kilichomleta. Binafsi naona sheria hiyo inatuumizia wagonjwa. Unachotakiwa kusikiliza ni anayekuuliza anauliza kwa sauti gani, anataka kukusaidia au anakutishia polisi. Na kama ni mtu wa nyumbani kwako anasema hataki kuishi, leo, usisubiri siku ya kliniki, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali yoyote yenye dharura iliyo karibu.

Muda sasa. Usitegemee saa nzima, siku ya kliniki benchi limejaa na tuliopo ni wachache, dakika chache zikitumika vizuri zinatosha kwa marudio. Mara ya kwanza ndo inatakiwa iwe ndefu, na wewe unaweza kuiokoa: andika kwenye karatasi lini ilianza, usingizi ukoje, dawa zote ulizowahi kutumia, za miti humo humo, pombe, bangi, na nani kwenye ukoo aliwahi kuumwa hivi. Maboksi matupu ya dawa yabebe. Kuja na mtu anayekuona kila siku, ila sema mapema "daktari, nitaomba na mimi niongee peke yangu", ni ombi la kawaida kabisa hatushangai. Na vipimo usivikatae, malaria, tezi ya shingo, sukari, VVU, navyo vinaweza kumvuruga mtu akaonekana kachanganyikiwa, daktari anayepima kabla ya kukupa jina la ugonjwa hakupotezei pesa.

Ukiona mahali hapakufai, hama, tena bila kuaga kama unaona aibu. Ila usiache dawa wakati unahama, hilo ndo linalowarudisha wengi wodini, omba wakuandikie muhtasari wa tiba na dozi zako na ulizia barua ya rufaa kama unatumia bima, dawa zikibaki za wiki moja uwe umeshaonwa kwingine. Na nyie wa Kondoa na Mpwapwa ndani ndani, Januari barabara zinaharibika kila mwaka, Desemba mkija mtuombe dawa za miezi miwili, kama hali imetulia wengi wetu tunakubali.