Pikipiki haijabadilishwa kitu: kutyuni injini kuna faida?

Kuna kijana anabeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku moja alifika kwenye karakana yangu na Boxer yake ya 150, akasema: "Shikamoo fundi. Naomba unityunie hii, kilima cha Bugando siku hizi kinanishinda." Nilimuuliza amebadilisha nini kwenye injini. Hajabadilisha kitu. Ekzosi ni ya kiwandani, kabureta ni ile ile, hata chujio la hewa ni lile alilonunulia. Ameambiwa kijiweni kwamba kiwanda huficha nguvu, na fundi mjuzi anaweza kuzifungua.

Sikumcheka, maana swali lake ni la haki na nimeulizwa mara nyingi. Nilimwambia aache pikipiki hadi asubuhi ipoe, ndipo tuzungumze.

Nguvu ya injini inatokana na hewa inayoingia ndani yake. Boxer 150 ina ujazo wa karibu cc 145. Ikizunguka mara 7,500 kwa dakika inavuta pumzi mara 3,750, kwa hiyo hata ikijaa kabisa kila mara inameza lita 540 hivi za hewa kwa dakika. Petroli unaweza kuongeza utakavyo, lakini inaungua kwa kadiri ya hewa iliyopo. Ukiacha ekzosi, kamshafti, vali na ujazo kama vilivyotoka kiwandani, mlango wa hewa ni ule ule. Fundi anabaki na mambo mawili tu ya kurekebisha: kiasi cha mafuta na wakati wa cheche.

Wengi hapa huniletea mfano wa magari. Ni kweli, gari la dizeli lenye tabo likibadilishiwa programu ya kompyuta linaweza kuongezeka nguvu kwa kiasi unachokisikia mgongoni, kwa sababu tabo inaamriwa isukume hewa zaidi. Pikipiki zetu hazina tabo. Hewa inaingia kwa kuvutwa na pistoni peke yake, na pistoni haipokei amri ya kompyuta.

Halafu kuna suala la mahali tulipo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Isamilo au Bugando umeongeza tena. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Pikipiki inayotoa nguvu farasi 12 pwani, hapa Mwanza inatoa chini ya 11, na hakuna jeti (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta) wala skurubu itakayokurudishia hiyo moja iliyopotea. Mtu anayehamia huku na pikipiki yake kutoka Dar akaniambia imechoka, kwanza namweleza hili kabla sijashika spana.

Kwenye kabureta, hewa ikiwa nyepesi mafuta hayapungui sawasawa nayo. Kwa hesabu, mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 5 ukilinganisha na pwani. Hapo kutyuni kuna maana hata kwa pikipiki isiyoguswa: kuweka jeti kuu, tunayoiita jeti kubwa, yenye kitundu chembamba kwa hatua moja, au kushusha tundu moja ile sindano inayobana njia ya mafuta, inaweza kurudisha mchanganyiko mahali pake. Faida utaiona kwenye ulaji wa mafuta na kwenye plagi isiyojaa masizi. Kasi haitabadilika kwa kiasi cha kumwonyesha mtu. Petroli hutoa nguvu kubwa zaidi kwenye uwiano wa karibu sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, wakati uwiano wa kuungua kikamilifu ni 14.7. Hapo kwenye nguvu kubwa mstari ni bapa, ukisogea kidogo huku au kule injini haioni tofauti kubwa.

Ninaposema sindano na jeti sizungumzii ile skurubu ndogo ya pembeni. Mafundi wengi huizungusha nusu mzunguko, pikipiki inakaa silensa (injini ikizunguka bila kuvutwa mafuta) vizuri, mteja analipa akiamini ametyuniwa. Skurubu ile inatawala silensa na pale unapofungua mafuta kidogo sana. Ukifikia robo, sindano inachukua kazi. Ukivuta mpaka mwisho, jeti kubwa ndiyo inayoamua. Bodaboda anayezunguka mjini, Buzuruga hadi Nyegezi, anaishi kwenye sindano karibu siku nzima. Anayekwenda Magu au Bunda na mkono umefungua mafuta yote anaishi kwenye jeti kubwa.

Na hapa lazima niseme kuhusu kubana mafuta, maana kumenigharimu. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mtu mmoja aliniomba nimpunguzie ulaji. Niliweka jeti ndogo kuliko inavyostahili, nikashusha sindano mpaka mwisho. Alirudi kunishukuru. Mwezi haukuisha akasafiri na abiria na mzigo upande wa Magu, jua kali, barabara imenyooka, na kabla ya kufika pistoni ikanata kwenye silinda. Nililipa pistoni, ringi na kuchonga silinda kutoka mfukoni mwangu, na bado naona nilimkosea, kwa sababu tairi la nyuma lilijifunga akiwa na mtu mgongoni.

Sababu yake ni hii. Injini hizi zinapozwa na upepo. Mafuta yanayozidi kidogo hufanya kazi ya kupoza, yanapogeuka mvuke yanabeba joto la pistoni na vali. Ukiyabana, moto unapanda na kinachopoza kinapungua kwa wakati mmoja. Kwenye silensa hutaona chochote, hata mjini hutaona. Madhara yanakuja ukiwa na mzigo, unapanda, mafuta yamefunguka yote. Kwa hiyo mtu akiniomba nimbanie mafuta, nakataa. Namwomba tuangalie upepo wa matairi na breki ya nyuma kama inajishika, maana mara nyingi petroli inaishia huko.

Pikipiki za injekta, zinazopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, ni habari nyingine. Kompyuta yake ina kihisi cha mgandamizo wa hewa, inajua yenyewe kwamba iko Mwanza na si Tanga, na inapunguza mafuta bila kuambiwa. Kitu cha mwinuko kimeshamalizwa. Kinachobaki ni kwamba viwanda huandika ramani ya mafuta (maagizo ya kompyuta kuhusu kiasi cha mafuta) ili pikipiki ipite vipimo vya moshi na kelele vya Ulaya, na ili kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kifanye kazi. Kwa hiyo ukifungua mafuta kidogo tu mchanganyiko huwa mkavu, yaani mafuta machache, na baadhi ya pikipiki kubwa hushtuka-shtuka kwenye foleni. Kubadilisha ramani kwa fundi mwenye vifaa kunatuliza hilo, na mwenye pikipiki anafurahi kwa haki. Nguvu inayoongezeka kwenye injini isiyoguswa ni asilimia chache tu. Kama pikipiki yako ya injekta haishtuki, haikupi shida, tunza fedha yako.

Turudi kwa kijana wa dagaa. Asubuhi injini ikiwa baridi nilifungua kifuniko cha tapeti, zile zinazosukuma vali. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii nafasi ya vali ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, ya ekzosi ikiwa kubwa zaidi. Yake ya ekzosi haikuingiza hata kibati cha kupimia kilicho chembamba kuliko vyote. Vali ilikuwa haifungi vizuri, mgandamizo unatoroka kila pistoni inapopanda. Alinieleza kwamba injini yake "imetulia, haina kelele kabisa." Tapeti zenye kelele kidogo hunipa amani, lakini tapeti zilizonyamaza kabisa kwenye injini yenye umri hunitia wasiwasi, kwa sababu vali inavyokula kiti chake nafasi inazidi kuziba, mpaka siku inaungua. Chujio la hewa lilikuwa limeshikamana kwa vumbi na oili. Cheni ilikuwa imekaza mno.

Niliseti vali, nikabadilisha chujio na plagi, nikalegeza cheni, nikajaza upepo. Kabureta niliisafisha na kuirudisha kama ilivyokuwa. Kisha nikamwambia apande na gunia mpaka getini kwa hospitali ya Bugando, afungue mafuta yote, azime injini huku ameshika klachi, na aniletee plagi bila kuendesha tena silensa. Alishuka kilima injini imezimwa. Plagi ilikuwa na rangi ya udongo wa kahawia. Ingekuwa nyeupe ningeongeza mafuta, ingekuwa na masizi meusi ningepunguza jeti kubwa. Sikugusa.

Siku kadhaa baadaye alipita tena. Kilima anapanda, ila akiwa na magunia mawili bado anashuka gia ya kwanza. Hapo injini imeshatoa ilicho nacho, na suala linakuwa la meno. Gia yake ya mbele ilikuwa na meno 14, nikamfungia ya 13. Mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 7, ambayo hakuna fundi wa kutyuni atakupa kwenye pikipiki isiyobadilishwa, na gharama yake ni ya kipande kimoja cha chuma. Nilimweleza pia anachopoteza: kwenye barabara ya Musoma injini itapiga kelele mapema na mafuta yatakwenda zaidi. Alisema yeye haendi Musoma.