Gia ya tano haiongezi nguvu, inaipumzisha injini

Madereva wengi huamini kwamba gia ya tano ndiyo gia ya kasi: ukitaka gari likimbie, tia tano. Mimi ni fundi wa giaboksi, na imani hii napenda tuizungumze vizuri, kwa sababu inagharimu watu mafuta na inachosha injini bila sababu.

Tuchukue gari tunalolijua sote, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya dizeli ya 1HZ na giaboksi ya H55F. Uwiano wa gia zake ni huu: ya kwanza 4.843, ya pili 2.618, ya tatu 1.516, ya nne 1.000, ya tano 0.845. Kwenye gia ya kwanza injini huzunguka karibu mara tano ndipo propela, ile shafti inayopeleka nguvu kuelekea magurudumu, izunguke mara moja. Kwenye ya nne zinakwenda sawasawa. Kwenye ya tano injini haijamaliza mzunguko wake mmoja, propela tayari imeshamaliza wake. Hiyo ndiyo ovadraivu.

Ukiiweka giaboksi ya namna hii mezani na kuifungua, utaona shafti inayotoka kwenye klachi na shafti inayokwenda kwenye propela zimelala kwenye mstari mmoja. Chini yake kuna shafti ya tatu, ambayo huzungushwa na ile ya klachi muda wote. Katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, nguvu hushuka kwenye shafti ya chini kisha hupanda tena kwenye shafti ya propela. Gia ya nne haina safari hiyo. Kola yenye meno inasogea na kuzifunga shafti mbili za juu ziwe kitu kimoja, nguvu inapita moja kwa moja. Ndiyo maana gia ya nne huwa tulivu kuliko zote, na ndiyo inayopoteza nguvu kidogo kuliko zote.

Ya tano inairudisha nguvu chini. Tofauti ni kwamba hapa gia ya shafti ya chini ni kubwa kuliko mwenzake wa juu, na kubwa inapoizungusha ndogo, ndogo inakwenda mbio. Mwendesha baiskeli anaijua hali hii miguuni mwake: sahani kubwa mbele, ndogo nyuma, gurudumu linakimbia lakini pedali inakuwa nzito.

Sasa hesabu. Difu ya gari hili ina uwiano wa takriban 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na tairi yake ya inchi 16 husogea kama mita 2.5 kila inapozunguka. Ukiwa kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,730 kwa dakika. Tia tano, inashuka hadi karibu 2,310. Kasi ni ileile. Mizunguko 400 na ushee imeondoka, na pamoja nayo msuguano wa pistoni na ringi, kelele na joto. Meno ya ziada yanakula nguvu kidogo, ni kweli, lakini unachookoa kwenye injini ni kikubwa zaidi, hivyo mafuta yanapungua.

Bei yake ni mvuto. Asilimia 15 ya nguvu ya kuzungusha iliyokuwa ikifika kwenye magurudumu haifiki tena. Kwenye tambarare ya Chalinze hadi Morogoro hutaihisi. Ukianza kupanda Kitonga na mzigo nyuma, gari litaanza kulegea, nawe utakanyaga mafuta hadi mwisho huku mizunguko ikizidi kushuka, moshi mweusi nyuma, joto likipanda. Injini hii huvuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 2,200. Ikishuka mbali chini ya hapo na mzigo upo, rudisha nne mapema, hata tatu, usingoje ianze kutetemeka.

Kwa magari madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele mpangilio ni mwingine. Giaboksi ya C50 ya Toyota, iliyomo kwenye Corolla nyingi za zamani, ina shafti mbili tu, kwa hiyo hakuna gia inayopita moja kwa moja. Kila gia ni jozi ya meno. Ya nne yake ni 0.969, ya tano 0.815, na upunguzaji mkubwa wa mwisho wa mizunguko hufanywa na difu iliyo humohumo ndani. Gia ya tano imekaa peke yake pembeni, nyuma ya kifuniko. Gari likilia kwenye tano peke yake na gia nyingine ziko kimya, pima kwanza kiwango cha oili, kisha mwambie fundi wako afungue kifuniko hicho aangalie meno kabla hajashusha giaboksi nzima.