Saruji Nyingi Haizuii Nyufa za Lipu Jikoni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila watu wanapoanza kukarabati majiko: changanya karai moja ya saruji kwa moja ya mchanga, na lipu haitapasuka maisha. Si kweli, na kwa mwenye bajeti ndogo ni hasara.

Saruji husinyaa inapokauka. Mchanga ndio unaopunguza kusinyaa huko, kwa hiyo saruji ikizidi, lipu huvutana na kuchanika. Kwa ukuta wa kawaida, mafundi wengi hutumia karai 1 ya saruji kwa 4 hadi 6 za mchanga, kisha humwagilia maji siku 7 hivi. (Umwagiliaji ndio unaorukwa zaidi, ingawa ni nafuu kuliko yote.)

Unaweza kujaribu. Piga vipande viwili vya lipu kwenye tofali kuukuu, kimoja 1 kwa 1, kingine 1 kwa 5, uvitunze sawa, kisha ulinganishe baada ya wiki chache. Pima mchanga pia: tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tabaka nene la tope juu yake ni dalili mbaya.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwenye zege, saruji zaidi mara nyingi huongeza nguvu. Tena mtu akiona ufa hudhani fundi aliiba saruji, basi safari ijayo anaongeza.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.