Kimera alikuwa mtoto wa nani?

Wazazi wengi hapa Uganda wanadhani somo la historia ni kukariri miaka: 1862 Speke alifika kwa Mutesa, 1900 Mkataba wa Buganda, 1962 uhuru. Miaka hiyo lazima ijulikane. Lakini kazi yenyewe ya mwanahistoria huanza pale mashahidi wawili wa kuheshimika wanapolisimulia jambo moja na wasikubaliane.

Tazama habari za Kimera. Waganda humhesabu kuwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, wa tatu, mjukuu wa Chwa wa Kwanza, aliyezaliwa Bunyoro baada ya Kalemeera, mwana wa Chwa, kumpa mimba Wannyana, mke wa Winyi, mfalme wa Bunyoro. Wanyoro husema Kato Kimera alikuwa pacha mdogo wa Isingoma Mpuga Rukidi, mfalme wa kwanza wa Wabito, ukoo wa kifalme wa Bunyoro. Kwa masimulizi ya kwanza, Buganda ina asili yake yenyewe, kutoka kwa Kintu, Kabaka wake wa kwanza. Kwa masimulizi ya pili, Buganda ni ya mdogo, na Bunyoro ni ya kaka yake.

Nani mkweli? Kabla ya kujibu tunauliza nani aliandika, lini, na kwa haja gani. Apolo Kagwa alichapa historia ya makabaka mwaka 1901, akiwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, mwaka mmoja tu baada ya kutia sahihi ule mkataba na Waingereza ulioacha kaunti za Bunyoro mikononi mwa Buganda. John Nyakatura, chifu wa Bunyoro, alitoa kitabu chake mwaka 1947, wakati Wanyoro walikuwa bado wanazidai kaunti hizo. Mbili kati yake, Buyaga na Bugangaizi, zilirudi Bunyoro baada ya kura ya maoni ya 1964. Hatuwaiti waongo. Bila wao tungepoteza mengi mno. Ila kila mmoja alikuwa na nchi ya kutetea.

Sasa angalia jambo ninalolipenda kuliko yote katika mkasa huu. Masimulizi ya Buganda yenyewe yanakiri kwamba Kimera alizaliwa Bunyoro. Ungamo hilo haliwaongezei Waganda fahari yoyote, na shahidi anaposema lisilomfaa, neno lake huwa na uzito. Kwa hiyo naamini palikuwa na uhusiano wa kweli kati ya falme hizo mbili, ingawa undugu wa mapacha sioni njia ya kuuthibitisha.

Akiolojia nayo husaidia, kwa mipaka yake. Kule Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, kuna mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ambayo wazee huyahusisha na Wachwezi, watawala wa masimulizi waliowatangulia Wabito. Wachimbaji wa miaka ya 1950 na 1960 walikuta vigae na mifupa mingi ya ng'ombe, basi tunajua walioishi pale walikuwa wafugaji. Jina la mfalme wao halikutoka ardhini. Ndahura na Wamara, wafalme wa Wachwezi, tunawajua kwa midomo ya watu.

Ndiyo maana nawasihi mnaoishi na wazee: wasikilizeni na muandike. Andikeni jina la msimuliaji, ukoo wake, tarehe, na nani alimsimulia yeye. Pale anaposema tofauti na jirani yake, msimsahihishe wala msichague upande. Andikeni yote mawili. Na barua za zamani zilizomo masandukuni, hata zilizoliwa na mchwa nusu, zisichomwe.